Muziki na Sinema za Wazi Bila Kiingilio Katika Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili wa Msimu wa Kiangazi

Mvua za Nyanda za Juu Kusini hukatika kwa sehemu kubwa mwezi Mei na kurejea Novemba. Katikati yake kuna takribani miezi mitano ambayo viwanja vya Mbeya, Iringa na Njombe hukauka vya kutosha kuweka jukwaa, kutandika mkeka na kutundika kitambaa cha sinema. Watu wengi hulalamika kwamba burudani nzuri imebaki Dar es Salaam, na kwamba huku kwetu hakuna kinachofanyika bila tiketi. Malalamiko hayo yana ukweli nusu, kwa sababu matamasha makubwa ya Bongo Fleva yanayozunguka mikoani huwa na kiingilio. Hata hivyo muziki wa bure upo, tena mwingi, ila hautangazwi kwa jina la tamasha. Huja umebebwa na shughuli nyingine: maonesho ya kilimo, mkesha wa Mwenge, mkutano wa injili, uzinduzi wa albamu ya kwaya, au lori la kampuni ya soda. Anayesubiri bango lililoandikwa "tamasha la bure" atasubiri hadi mvua zinyeshe tena.

Mahali burudani ya bure inapojificha

Anza na Nane Nane, kwa kuwa ndiyo shughuli ya kiangazi iliyo na uhakika zaidi katika kalenda. Maonesho ya wakulima ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hufanyika jijini Mbeya katika viwanja vya John Mwakangale, upande wa Uyole, kwa kawaida kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti. Wengi huenda kuangalia ng'ombe wa maziwa, mbegu za viazi na matrekta, kisha hurudi nyumbani saa kumi jioni wakati ambapo vikundi vya ngoma na wanamuziki ndiyo kwanza wanapata watu. Taasisi na halmashauri hushindana kuvuta watazamaji kwenye mabanda yao, na silaha yao kubwa ni spika. Ukitaka muziki kuliko mbegu, nenda siku ya kati badala ya tarehe 8 yenyewe, kwani siku ya kilele msongamano ni mkubwa na sehemu kubwa ya mchana huliwa na hotuba na msafara wa mgeni rasmi. Iwapo getini kuna mchango mdogo wa kuingilia, utausikia redioni mapema. Ukishaingia, majukwaa ya ndani huwa hayadai chochote.

Shughuli ya pili ni Mwenge wa Uhuru. Mbio zake, zilizoanza mwaka 1964, hupita katika halmashauri zote nchini na katika miaka ya karibuni zimekuwa zikihitimishwa tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mahali Mwenge unapolala ndipo panapokuwa na mkesha: jukwaa, kwaya, wasanii wa wilaya, ngoma za asili na muziki wa DJ hadi alfajiri, bila kiingilio. Ratiba ya kila mkoa hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo iulizie katika ofisi ya kata mara tu unaposikia kwamba mbio zimezinduliwa. Pembeni ya uwanja huwa na meza za kupima afya, na si vibaya kupima shinikizo la damu wakati unasubiri bendi.

Makanisa yana hazina ambayo watu wa nje ya makanisa hayo huipita tu. Kanda hii ina Wamoraviani, ambao wana historia ya zaidi ya karne moja katika Rungwe, pamoja na Walutheri wengi katika Iringa na Njombe, na makanisa yote mawili yamelea vikundi vya matarumbeta na kwaya za viwango vya juu. Mkutano wa injili wa uwanjani huanza mchana, mara nyingi saa tisa, na kwaya hutangulia kabla ya mahubiri. Anayependa muziki tu afike mapema, asikae nyuma akipiga soga, na akumbuke kwamba yuko ibadani hata kama amekaa juu ya nyasi.

Malori ya promosheni hayahitaji maelezo mengi. Huegeshwa penye watu, kama Kabwe na Mwanjelwa kwa Mbeya, au karibu na masoko na stendi kwa Iringa; ubavu wa lori hufunguliwa ukawa jukwaa, na malipo yako ni kusikiliza matangazo ya sabuni au vocha kati ya wimbo na wimbo. Muziki wake ni wa kupita njia, mzuri kwa nusu saa.

Ngoma ni suala jingine kabisa. Mji wa Tukuyu umewahi kuwa mwenyeji wa matamasha ya ngoma za jadi yanayokutanisha vikundi kutoka sehemu mbalimbali, na ukiteremka hadi Ziwa Nyasa unaweza kubahatika kuona mganda. Katika ngoma hiyo wanaume waliovaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi hujipanga safu kama gwaride, wakipuliza vibuyu vinavyotoa sauti ya kukoroma huku ngoma moja kubwa ikiwaongoza hatua, na mguu mmoja ukichelewa kidogo tu safu nzima huonekana imepinda. Kwa maoni yangu hakuna onesho la Bongo Fleva linaloufikia kwa nidhamu, na mganda huchezwa mchana, hivyo hata suala la baridi halipo.

Kuthibitisha habari kabla ya kutoka nyumbani

Chanzo cha kuaminika zaidi bado ni redio za hapa hapa: kwa Mbeya sikiliza Baraka FM na Bomba FM, kwa Iringa sikiliza Ebony FM na Nuru FM, hasa vipindi vya asubuhi ambapo matangazo ya mikutano husomwa. Gari la matangazo linalopita mtaani na vipaza sauti ni chanzo cha pili, ingawa mara nyingi utasikia tarehe na usisikie mahali. Makundi ya simu huja mwisho, kwa sababu bango la mwaka jana husambazwa tena mwaka huu na watu hawasomi tarehe.

Ukishapata habari, uliza mambo matatu. Kwanza, je, bure hiyo ni ya muda wote, au ni "bure hadi saa kumi na mbili" na baadaye mlango unafungwa? Pili, ni uwanja upi hasa, kwa kuwa Mbeya mtu anaweza kusema "uwanjani" akimaanisha Sokoine na mwingine akamaanisha Ruanda Nzovwe, na Iringa vivyo hivyo kati ya Samora na Mwembetogwa? Tatu, shughuli inaanza saa ngapi kwa kweli? Tangazo la saa nane mchana kwa kawaida maana yake ni kwamba saa nane mafundi wanafunga nyaya, saa tisa wanaingia wasanii chipukizi, na yule uliyemfuata atapanda jukwaani wakati jua linazama. Mtu yeyote akikuambia utume pesa kwa simu ili "ahifadhi nafasi" kwenye shughuli isiyo na kiingilio, mwache aendelee na safari yake.

Baridi

Wageni kutoka pwani hudhani kiangazi ni joto. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe iko juu zaidi, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Huko Makete na uwanda wa Kitulo hata jalidi huanguka. Mchana wa siku hiyo hiyo jua linaweza kuwa kali hadi ukavua koti, na hapo ndipo watu wanapokosea: hutoka nyumbani saa nane wakiwa na fulana, kisha jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi au baadaye kidogo, na ndani ya nusu saa uwanja mzima unakunja mikono.

Vaa nguo kwa tabaka. Fulana ndani, sweta, kisha koti linalozuia upepo, kofia ya sufu na soksi nzito. Vyote hivyo hupatikana kwa bei nafuu kwenye mitumba ya Mwanjelwa. Shuka la Kimasai hufaa kuliko blanketi, kwa kuwa ni jepesi kubeba na unaweza kujifunika na mtoto kwa pamoja. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba baridi kubwa haitoki hewani bali ardhini: ukikaa juu ya mkeka mtupu kwa saa mbili, ardhi itakunyonya joto lote. Chukua boksi la katoni, likunjue, litandike chini ya mkeka, na utaona tofauti. Chupa ya chai ya tangawizi ni ya lazima, na mahindi ya kuchoma yatapatikana getini.

Mwezi Agosti na Septemba adui hubadilika akawa vumbi, hasa katika viwanja visivyo na nyasi. Kanga ya kufunika pua na mdomo husaidia, na mwenye pumu asikae karibu na njia ya magari. Tukuyu ina hali yake ya pekee, kwani hunyesha hata wakati kwingine kumekauka, hivyo mwavuli usiachwe. Kyela, kwa upande mwingine, iko chini karibu na ziwa, ni joto, na kinachohitajika huko ni nguo za mikono mirefu dhidi ya mbu.

Kuchagua mahali pa kukaa

Watu hukimbilia mbele ya jukwaa, na mbele ya jukwaa ndipo muziki unaposikika vibaya kuliko mahali pote. Pale unapata besi ya spika za chini inayotikisa kifua, lakini sauti ya mwimbaji hupita juu ya kichwa chako kwenda kwa watu wa nyuma. Tafuta meza ya fundi mitambo, yule aliyekaa kati ya watu akiwa na vifundo vingi mbele yake, ambaye tangu mchana alikuwa akisema "cheki, cheki, moja, mbili". Yeye hurekebisha sauti kwa kusikiliza kutoka hapo alipo, kwa hiyo ukikaa nyuma yake hatua chache utasikia muziki kama alivyokusudia usikike. Ukiwa na watoto, rudi nyuma zaidi na uepuke kabisa kukaa usawa wa rundo la spika, kwani masikio yao huumia haraka na wao hawajui kusema.

Kabla hujatandika mkeka, angalia njia za kutokea. Viwanja vingi vya wazi havina tatizo, lakini viwanja vya mpira vyenye kuta vina mageti machache, na wakati wa kutoka watu wote hulenga geti moja. Kaa pembeni, upande wa geti, si katikati. Kubaliana na wenzako mahali pa kukutana mkipotezana, mahali pasipohamishika kama mti au nguzo ya taa na si "pale kwa muuza karanga", maana muuza karanga hutembea. Andika namba ya simu kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto. Simu yako ikae mfuko wa mbele wenye zipu, kwa sababu vibaka hupenda sana wakati wa wimbo unaojulikana na wote, mikono yote ikiwa juu.

Kwenye ngoma za asili, usiingie ndani ya duara bila kukaribishwa, na ukitaka kupita mbele ya wazee waliokaa kwenye viti, toa shikamoo kwanza kisha omba njia. Utapewa, na pengine utapewa na kiti. Beba noti ndogo chache kwa ajili ya kutunza, kwa kuwa onesho la bure halimaanishi wachezaji hawakulipa nauli. Upigaji picha unakubalika karibu kila mahali, ila mtu anayeinua kompyuta kibao mbele ya uso wake kwa saa nzima anawanyima walio nyuma yake onesho walilolifuata.

Sinema chini ya anga

Sinema ya wazi si ngeni nchini. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, ukazionesha kwa lori katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati, na kwa miongo mingi baadaye gari la sinema lilikuwa tukio la kijiji kizima. Siku hizi maonesho ya aina hiyo yamebaki zaidi kwenye kampeni za afya na mikutano ya injili, ambako filamu huanza giza likishaingia, yaani kuanzia saa moja usiku hivi. Ukienda, kaa mbali na kitambaa kwa umbali usiopungua mara mbili ya upana wake, na usikae pembeni sana, kwani picha hupinda. Jioni za mechi kubwa, baadhi ya viwanja na baa huweka skrini nje. Hapo bure yake ni soda utakayotakiwa kununua.

Kwa kuwa maonesho haya ni machache, njia ya uhakika ni kuandaa wenyewe mtaani, na kazi hiyo ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa.

Anza na ruhusa, wiki mbili au tatu kabla. Mwone mwenyekiti wa mtaa, ambaye atakuelekeza kwa mtendaji wa kata na kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Polisi wajulishwe kwa barua kuhusu mkusanyiko, mahali na saa ya kumaliza. Filamu zinazooneshwa hadharani ziko chini ya Bodi ya Filamu, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1976, na haki za watunzi ziko chini ya Ofisi ya Hakimiliki, kwa hiyo usipakue tu filamu ya mtu na kuionesha. Njia rahisi ni kumwendea mtengenezaji filamu kijana wa mkoani kwako, ambaye mara nyingi anatafuta watazamaji, na kuomba idhini yake kwa maandishi. Filamu ya Kiswahili hupendwa na wote. Ya kigeni bila sauti ya Kiswahili itawapoteza bibi na watoto ndani ya dakika kumi.

Mahali bora ni uwanja wa shule ya msingi. Ukuta wa darasa uliopakwa chokaa nyeupe ni skrini nzuri kuliko shuka, kwa sababu hautikisiki. Ukilazimika kutumia shuka, funga kamba kwenye kona zote nne na katikati ya kila upande, maana upepo wa Agosti ukiingia nyuma yake litajaa kama tanga la jahazi, na uso wa mhusika mkuu utavimba na kunyauka huku watoto wakicheka mahali pasipo na kichekesho. Projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha nguvu ya mwanga) hutosha kwa picha yenye upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, mradi giza liwe limeingia kweli na taa ya ulinzi ya shule izimwe kwa makubaliano na mlinzi. Usitegemee kioo cha simu kupima mwanga. Washa projekta saa kumi na mbili na nusu, uone picha ilivyofifia, kisha subiri.

Spika ziwekwe karibu na skrini, zikiinuliwa juu ya meza kufikia usawa wa vichwa vya waliokaa, ili maneno yaonekane yanatoka kwa wanaozungumza. Umeme wa shule unatosha, lakini uwe na jenereta ya akiba. Projekta na spika mbili za kawaida hazifikishi kilowati mbili, kwa hiyo jenereta ndogo itabeba. Iweke nyuma ya jengo, mbali na watu, upande ambao upepo hauleti moshi kwao, na nyaya zote zipite ukutani au zifukiwe, kwa sababu gizani watoto hukimbia. Umande wa huku huanguka mapema: projekta na kompyuta zikae juu ya meza chini ya mwavuli au turubai, na mashine ikizimwa iachwe feni yake imalize kupoza kabla ya kuchomoa waya.

Onesha katuni fupi au picha za video za mtaa wenyewe, kama ligi ya vijana au harusi ya majuzi kwa idhini ya wenyewe, wakati watu wanakusanyika. Hakuna kinachonyamazisha uwanja haraka kama mtu kumwona jirani yake skrini nzima. Filamu yenyewe isizidi dakika tisini. Maliza kabla ya saa tatu na nusu, maana baada ya hapo daladala za Mbeya hupungua, bajaji hupandisha bei, na anayelazimika kuvuka barabara kuu ya TANZAM (iendayo Zambia) kwa miguu kati ya Uyole na Mbalizi anavuka mbele ya malori ya mizigo yanayoteremka kwa kasi. Kwa Iringa, wanaorudi Ipogolo wana mteremko mrefu, na ni vyema watoke kwa makundi au wapange bajaji moja kwa watu watatu tangu mchana.

Asubuhi yake okota takataka na vijana wawili watatu, rudisha funguo kwa mwalimu mkuu, na upite kwa mtendaji kumweleza shughuli ilivyokwenda. Ukiwa hapo hapo ofisini, omba onesho linalofuata liandikiwe tarehe iliyo kabla ya mwisho wa Oktoba.